Hija ya miguu ya Santiago: Utaanzia wapi, na pasi ya hujaji utaipata vipi?

Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Mikindani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinijia jioni akiwa na bahasha mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kibarazani. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za wakala mmoja wa safari: bei ya tiketi, majina ya hoteli, na ramani ndogo ya Uhispania yenye mstari mwekundu kutoka mji wa A Coruña hadi Santiago de Compostela.

"Mwanangu," akasema, "wewe hushinda kwenye mtandao. Nitazamie hizi kabla sijalipa. Ni ile nadhiri ya marehemu."

Nadhiri yenyewe naijua. Mumewe alikuwa katekista, na kwa miaka mingi alizungumza juu ya hija hiyo ya miguu. Alikuwa amekata picha ya kanisa kuu la Santiago kwenye gazeti na kuibandika nyuma ya mlango wa chumba. Alisema akistaafu ataenda. Alistaafu, na kabla ya mwaka kwisha akapatwa na kiharusi. Mwalimu akaahidi mbele ya jeneza kwamba ataitembea yeye. Pesa amezikusanya kwa chama na kwa pensheni, kidogo kidogo, na safari ya pili hana.

Nikapima ule mstari mwekundu. Kutoka A Coruña hadi Santiago ni kama kilomita 75. Kanisa la Santiago hutoa cheti cha hija kwa aliyetembea angalau kilomita 100. Kwa maana hiyo mwalimu angevuka bahari, atembee siku nne au tano kwa magoti yake ya miaka 64, afike kwenye kaunta na kuambiwa kwamba hija yake haikutimiza masharti. Sidhani wakala alikuwa na nia mbaya. Aliona mji mkubwa wenye uwanja wa ndege na hoteli, akaanzia hapo. Lakini hija haipangwi kama likizo.

Yafuatayo ni majibu niliyompa, pamoja na yale tuliyoyagundua baadaye tukiwa pamoja. Nayaandika kwa sababu najua si yeye peke yake. Wapo Wakatoliki wa Pwani, kuanzia Taita hadi Malindi, wanaoiwaza safari hii, na wapo watoto wetu walioko Ulaya wanaotaka kuwaalika wazazi.

Ni hija gani hii?

Kwa mapokeo ya Kikristo, Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo na nduguye Yohane, aliuawa Yerusalemu na Mfalme Herode kama ilivyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 12. Mapokeo yanaendelea kusema kwamba wanafunzi wake waliuchukua mwili wake kwa chombo, wakakatiza bahari hadi Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania, wakauzika huko. Katika karne ya 9, wakati wa Askofu Teodomiro na Mfalme Alfonso wa Pili, kaburi lilitangazwa kuwa limepatikana. Kanisa likajengwa juu yake, mji ukakua kulizunguka kanisa, na watu wakaanza kwenda kwa miguu kutoka kila upande wa Ulaya.

Kihispania njia hiyo huitwa Camino de Santiago, yaani njia ya Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya liliitangaza kuwa njia ya kwanza ya utamaduni wa Ulaya, na mwaka 1993 UNESCO ikaiweka sehemu yake ya Uhispania kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2024 karibu mahujaji laki tano walipokea cheti mjini Santiago. Hawa wote hawapotei njia, kwa kuwa kuna mishale ya rangi ya manjano kwenye kuta, mawe na miti. Padri mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuichora miaka ya 1980. Alama nyingine ni kombe la baharini ambalo mahujaji hulifunga kwenye mkoba.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hija hii haina mahali pamoja pa kuanzia. Jirani yetu Muislamu anayekwenda Makka anajua miqati yake: kuna mahali palipowekwa ambapo hujaji havuki bila kuhirimia. Santiago si hivyo. Zamani hujaji alianzia mlangoni kwake, popote palipokuwa. Kilichowekwa ni mwisho wa safari, pamoja na umbali wa chini wa kutembea. Mengine yote unachagua mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapokosea.

Kanuni ya kilomita 100

Anayetembea, au anayekwenda kwa farasi, anatakiwa amalize angalau kilomita 100 za mwisho hadi Santiago. Anayeendesha baiskeli anatakiwa kilomita 200. Huruhusiwi kupanda basi katikati ya kilomita hizo na kuendelea mbele. Unaruhusiwa kupumzika, hata siku mbili, mradi uanze tena pale pale ulipoishia.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mji gani mzuri?" Jiulize: nina siku ngapi za kutembea, na mwili wangu unaweza kilomita ngapi kwa siku? Zidisha, halafu tazama ramani. Kijana mwenye mazoezi hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku bila shida kubwa. Mtu mzima mwenye magoti mabovu apange 12 hadi 15. Mwalimu ana siku tisa za kutembea. Tisa mara 13 ni 117, na jawabu hilo ndilo lililotuongoza.

Miji ya kuanzia, na inamfaa nani

*Saint-Jean-Pied-de-Port.* Huu uko Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei, na ndiko inakoanzia ile inayoitwa Njia ya Kifaransa kwa walio wengi. Hadi Santiago ni kama kilomita 780, yaani wiki tano. Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote: unapanda kutoka chini ya mita 200 hadi zaidi ya mita 1,400, kisha unashuka hadi Roncesvalles, jumla kilomita 25 hivi. Njia ya juu mlimani hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi mwisho wa Machi kwa sababu ya theluji. Inamfaa mwenye muda mrefu na miguu mizuri.

*León.* Ni katikati ya Njia ya Kifaransa, kama kilomita 310. Treni ya kasi kutoka Madrid hufika kwa saa mbili na kitu. Ukiwa na wiki mbili na nusu, hapa ni pazuri, na utakutana na milima kabla ya kuingia Galicia.

*Sarria.* Hapa ndipo wanapoanzia wengi kuliko pengine popote, kwa sababu ni kama kilomita 115 na inatimiza kanuni kwa ziada kidogo. Nyumba za kulala ni nyingi, njia imejaa watu na huwezi kupotea. Ubaya wake ni huo huo: majira ya joto msongamano unakuwa kama feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Njiani utapita Melide, mji unaosifiwa kwa pweza. Mtu wa Pwani atajihisi nyumbani, ila wao humchemsha na kumtia mafuta ya zeituni, chumvi na paprika.

*Tui.* Uko mpakani mwa Uhispania na Ureno, kwenye Njia ya Kireno. Ni kilomita 115 au zaidi kidogo. Njia ni tulivu kuliko ya Sarria na vilima vyake ni vya wastani. Ukitua Porto, kuna treni hadi Valença upande wa Ureno, halafu unavuka mto Minho kwa miguu juu ya daraja la chuma la mwaka 1886. Ukifika ng'ambo usisahau kusogeza saa yako mbele kwa saa moja.

*Porto.* Ni kama kilomita 240 kwa njia ya bara, na zaidi kidogo kwa njia ya pwani, ambayo siku za mwanzo inafuata Bahari ya Atlantiki. Tenga wiki mbili.

*Ferrol.* Hii ni Njia ya Kiingereza, iliyopata jina hilo kwa mahujaji waliokuja na meli kutoka Uingereza na Ireland. Ni kama kilomita 120, watu si wengi, lakini kuna miinuko mikali. Ile A Coruña ya wakala iko kwenye njia hii hii, tawi lake fupi. Kuna utaratibu unaomruhusu anayeanzia A Coruña kujaliza kilomita 25 zilizobaki kwa hija aliyoifanya nchini kwake, lakini anatakiwa aithibitishe. Kwa mtu wa hapa, kuanzia Ferrol ni rahisi kuliko kuanza kutafuta uthibitisho huo.

*Lugo na Vigo.* Hii ni miji miwili iliyo karibu sana na mpaka wa kilomita 100. Mimi nisingemshauri mtu wa safari moja kuchezea kilomita mbili tatu. Anzia nyuma kidogo ulale na amani.

Zipo pia njia ndefu za kusini. Kutoka Sevilla ni kama kilomita 1,000. Nyingine huanzia Almería, Málaga na Granada, zikipitia Córdoba penye ule msikiti maarufu wa nguzo nyingi, ambao leo ni kanisa kuu. Hizi zina joto kali na vijiji viko mbalimbali, kwa hiyo si za mgeni wa mara ya kwanza.

Pasi ya hujaji: kitabu cha kliniki cha safari

Sasa karatasi. Hujaji anahitaji kitu kinachoitwa kwa Kihispania credencial. Mimi naiita pasi ya hujaji, ingawa haihusiani na pasipoti wala viza. Ni kadi ndefu iliyokunjwa kunjwa yenye vyumba vitupu vya mihuri. Mwalimu nilipomweleza alicheka: "Basi ni kama kitabu cha kliniki cha mtoto." Ndivyo hasa. Kila ulikopita unagongwa muhuri, na bila kitabu hakuna anayejua kama ulichanjwa.

Asili yake ni barua ambazo zamani hujaji alipewa na padri au askofu wake ili aonekane ni hujaji wa kweli wala si mzururaji, apokewe na kulindwa njiani. Leo ina kazi mbili. Kwanza, ndiyo inayokufungulia nyumba za mahujaji, zinazoitwa albergue. Zile za serikali ya jimbo la Galicia hutoza kama yuro 10 kwa kitanda, hazichukui nafasi mapema, na huna pasi hulali. Pili, ndiyo ushahidi wako utakapoomba cheti Santiago.

Inapatikana wapi? Ofisi ya Mahujaji ya Santiago, iliyo chini ya kanisa kuu, huitoa na kuisambaza kupitia makanisa, vyama vya mahujaji na nyumba za kulala zilizoidhinishwa. Kwa anayetoka Kenya, njia isiyo na usumbufu ni kuichukua pale pale unapoanzia. Saint-Jean kuna ofisi ya kupokea mahujaji kwenye mtaa wa Rue de la Citadelle. Porto na Tui, uliza kwenye kanisa kuu. Sarria, uliza kwenye monasteri ya Magdalena. Bei ni yuro chache tu. Akikuambia mtu hapa nchini kwamba atakuuzia kwa maelfu ya shilingi, mpite kando.

Ila usifike Jumapili jioni ukitegemea kukuta mlango wazi. Panga ulale usiku mmoja katika mji wa kuanzia, uipate pasi, ugonge muhuri wa kwanza, na uanze kutembea asubuhi yake.

Ukiipata, jaza yafuatayo kabla hujapiga hatua: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, mahali unapoanzia, tarehe, na kama unakwenda kwa miguu. Majina yetu ya Pwani hutuletea kazi hapa. Pasipoti ina majina matatu, tiketi ina mawili, na kanisani unajulikana kwa la ubatizo. Andika ya pasipoti.

Mihuri miwili kila siku

Katika zile kilomita 100 za mwisho, pasi inatakiwa iwe na mihuri angalau miwili kwa kila siku. Aliyeanzia Tui, Sarria au Ferrol ajue kwamba kwake ni tangu siku ya kwanza. Mihuri ipo kila mahali: makanisani, kwenye nyumba za kulala, hotelini, kwenye mikahawa, hata ofisi za miji. Mmoja uupate njiani, mwingine unapolala. Hakikisha tarehe imeandikwa pembeni yake.

Hapa ndipo watu huponzeka kwa jambo dogo. Umetembea kutwa, umechoka, mvua ya Galicia imekulowesha, unalala bila kugonga. Kesho yake umeshaondoka mji ule. Fanya desturi: kabla ya kuagiza chai, omba muhuri. Neno lake ni sello. Pasi yenyewe iweke kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na pasipoti.

Je, ni lazima ubebe mkoba wako? Hapana. Zipo huduma za kusafirisha mikoba kutoka nyumba ya leo hadi ya kesho kwa yuro chache, na kutumia huduma hiyo hakukunyimi cheti. Miguu ndiyo isiyotumwa kwa gari.

Kaunta ya Santiago, na jina la marehemu

Ukifika, Ofisi ya Mahujaji iko Rúa das Carretas, dakika chache kutoka kanisa kuu. Unajiandikisha, unaonyesha pasi, wanaikagua. Wanakuuliza pia sababu ya safari yako. Ukisema ni ya dini au ya kiroho, unapewa Compostela, cheti kilichoandikwa kwa Kilatini na jina lako likigeuzwa kuwa la Kilatini. Ukisema ni utamaduni au mazoezi tu, kuna cheti kingine cha makaribisho. Compostela hailipiwi. Cheti cha umbali uliotembea hulipiwa kiasi kidogo.

Nilipofika hapa nikamwambia mwalimu jambo ambalo wakala hakulijua. Mtu anaweza kuitembea hija kwa niaba ya mwingine, aliyekufa au mgonjwa asiyeweza kusafiri, na ofisi ikaandika jina la huyo kwenye cheti kwa maneno ya Kilatini vicarie pro, yaani kwa niaba ya fulani. Anayetembea anatakiwa aseme mapema pale kaunta, kabla cheti hakijaandikwa.

Mwalimu akanyamaza. Kisha akauliza, "Jina lake litaandikwa kamili?" Nikamwambia litaandikwa.

Mama mwenye nyumba wetu, ambaye ni Muislamu na alikuwa ameketi karibu akichambua mchele, akasema, "Kumbe nanyi mna hija ya badala." Naam, zinafanana kwa sura ingawa sheria zake ni mbali. Kwa Waislamu anayehiji kwa niaba ya mwingine anatakiwa awe ameshajihijia yeye mwenyewe kwanza, kama wanazuoni wengi wanavyosema. Kwa Santiago hakuna sharti hilo. Lakini uchungu unaomfanya mtu akamilishe safari ya marehemu wake ni mmoja tu.

Mchana kuna misa ya mahujaji katika kanisa kuu. Siku za sikukuu, na siku ambazo imeagizwa, huning'inizwa chetezo kikubwa cha ubani chenye zaidi ya kilo 50, kikivutwa kwa kamba na wanaume wanane na kubembea kutoka upande huu hadi ule. Si kila siku, kwa hiyo usimwahidi mtu.

Viza inafuata njia yako

Hili ndilo linalowaangusha Wakenya wengi kuliko milima ya Pirenei. Uhispania, Ureno na Ufaransa zote ziko katika eneo la Schengen. Viza moja inatosha, lakini ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi. Siku zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ndipo panapoamua mlango wa kubisha.

Ukitua Porto ukalala usiku mmoja, kisha ukaanzia Tui, karibu siku zako zote ziko Uhispania, basi omba Uhispania. Ukianzia Saint-Jean, ambako Ufaransa ni usiku mmoja tu, bado ni Uhispania. Ukianzia Porto, hesabu usiku mmoja mmoja. Ukianzia Lisbon, safari yako kubwa ni Ureno. Ukiipeleka kwa nchi isiyo yake, unaweza kurudishiwa na ada ikawa imekwenda.

Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Msimu wa joto nafasi za miadi Nairobi hugombaniwa, kwa hiyo anza mapema. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Ongeza taarifa za benki, barua ya kazi au ya pensheni, na mahali utakapolala kila usiku.

Hapo pa kulala pana mtego. Nyumba za serikali hazichukui nafasi mapema, na ubalozi unataka kuona nafasi. Suluhisho ni kutumia nyumba za watu binafsi na hoteli ndogo zinazokubali nafasi kwa mtandao. Andika ratiba ya ukurasa mmoja: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, kilomita, jina la nyumba. Ratiba inayoeleweka humsaidia afisa kuona kwamba unajua unakokwenda na kwamba utarudi.

Neno kwa msomaji Muislamu

Siwezi kuandika habari za Santiago katika Pwani hii nikaficha historia. Zama za vita vya Uhispania, Mtume Yakobo alichorwa juu ya farasi mweupe akiwa na upanga, akapewa jina la Matamoros, muuaji wa Wamori, yaani Waislamu. Sanamu ya namna hiyo imo katika kanisa kuu lenyewe, na kwa miaka mingi wasimamizi wamekuwa wakiwafunika kwa maua wale waliolala chini ya farasi. Kwa upande wa pili, mwaka 997 jemadari al-Mansur wa Córdoba aliuteketeza mji wa Santiago, na husimuliwa kwamba aliliacha kaburi bila kuliguza na kuchukua kengele hadi Córdoba, zikarudishwa baada ya mji huo kutekwa mwaka 1236.

Hata Vasco da Gama, ambaye nguzo yake iko Malindi, alikuwa mwanachama wa shirika la mashujaa wa Santiago. Yaliyofuata baada ya majahazi yake tunayajua hapa Mombasa, na kuta za Fort Jesus ni shahidi.

Nayasema haya si kwa kuchochea. Leo njia hiyo inatembewa na watu wa dini zote na wasio na dini, na hakuna anayekuuliza mpaka kaunta ya mwisho. Kijana wa Kiislamu anayesoma Ulaya akitaka kuandamana na rafiki yake anaweza, akijua tu kwamba nguruwe yuko kwenye supu nyingi za Galicia na aulize kabla ya kula. Maneno ni sin cerdo, bila nguruwe. Samaki na pweza hawakosekani.

Tulichoamua

Mwalimu ataanzia Tui. Atavuka lile daraja kwa miguu, apate pasi kwenye kanisa kuu, na apite O Porriño, Redondela, Arcade, Pontevedra, Caldas de Reis na Padrón, akikata zile hatua ndefu mara mbili. Padrón ndiko mapokeo yanakosema chombo kilichobeba mwili wa Mtume kilifungwa kwenye jiwe, na jiwe lenyewe linaonyeshwa chini ya altare ya kanisa la hapo. Aliposikia habari za chombo na jiwe la kufungia kamba alifurahi, maana baba mkwe wake alikuwa baharia.

Amechagua Septemba, joto likiwa limepungua. Nilimwambia kuwa 2027 ni Mwaka Mtakatifu, kwa kuwa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, itaangukia Jumapili. Mwaka huo mlango mtakatifu hufunguliwa na Wakatoliki hupata rehema kamili, lakini watu huwa wengi mno. Akasema padri wake ndiye atakayemshauri kuhusu rehema, kuhusu watu wengi ameshajishauri mwenyewe.

Wakala alirudishiwa karatasi zake kwa heshima, na hatukugombana. Viatu vimenunuliwa tayari, kwa sababu viatu vipya siku ya safari ni malengelenge siku ya pili. Kila Jumamosi baada ya adhana ya alfajiri tunatoka Mikindani mpaka Miritini na kurudi, yeye na wajukuu wawili nami nikiwa nyuma. Jumamosi iliyopita alitutangulia wote. Alitusubiri kwenye kibanda cha mahamri, akamwomba muuzaji kalamu, akaandika tarehe na jina la kibanda nyuma ya bahasha ile ile ya wakala.

"Muhuri wa kwanza," akasema.